Mtumishi wa Bibi Thynne na Maradhi ya Bahari ya Kioo

Pampu ya kwanza ya tangi la matumbawe ambayo habari zake zimeandikwa ilikuwa na mikono miwili na miguu miwili. Alikuwa msichana mtumishi katika nyumba moja ya wakubwa jijini London, miaka ya 1840. Kazi yake ilikuwa kuchota maji ya bahari, kusimama mbele ya dirisha lililo wazi, na kuyamimina kutoka chombo hiki kwenda kile, kutoka kile kurudi hiki, kwa nusu saa au zaidi, kisha kuyarudisha walimo wanyama. Bibi yake, Anna Thynne, mke wa kasisi mkubwa wa Westminster, aliandika baadaye kwamba kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha, ila yule binti aliiona kama mchezo. Jina la binti hakuliandika.

Ndugu msomaji, habari hiyo nimeisoma mara nyingi kuliko nilivyosoma riwaya yoyote, na kila mara nakwama hapo kwenye mchezo. Nani kasema ni mchezo? Wewe hebu jaribu kuinua ndoo ya maji dirishani nusu saa nzima, kesho tena, keshokutwa tena, halafu uniambie kama ulikuwa unacheza.

Historia ya kufuga matumbawe ndani ya nyumba husimuliwa kwa majina ya mabwana na mabibi waliotunga vitabu. Mimi naisoma vingine. Naona kwamba kila tangi linapougua kuna kibarua ambaye hakuna aliyekuwa akimtazama, na kibarua huyo ama hayupo ama ameacha kazi. Mara ni mtumishi, mara konokono, mara vijidudu, mara chokaa. Vibarua hao wamegunduliwa mmoja mmoja, na karibu kila mmoja kagunduliwa baada ya msiba.

Tuanze na huyo wa dirishani. Mwaka 1846 Bibi Thynne alikuwa Torquay, mji wa pwani kusini mwa Uingereza, akaokota matumbawe madogo ya huko kwenye maji baridi. Akataka kwenda nayo London. Aliyashona kwa sindano na uzi juu ya sponji kubwa ili yasigongane njiani, akayabeba ndani ya maji ya bahari. Bahari iko mbali na London, na maji ya kubadilisha yakaanza kuwa shida. Hapo ndipo lilipokuja wazo la kuyamimina mbele ya dirisha. Maji yanapoanguka hupasuka, yanashika hewa, yanaachia hewa mbaya. Mwaka uliofuata akaongeza mimea ya baharini, nayo ikasaidia kutoa oksijeni. Matumbawe yake yaliishi na kuzaana, na mwaka 1859 habari zake zikachapishwa katika jarida la elimu ya viumbe.

Si yeye wa kwanza kuweka wanyama wa bahari kwenye kioo, hilo tuliseme. Jeanne Villepreux-Power, Mfaransa aliyehamia Messina, kisiwani Sicily, alikuwa na matangi ya kioo mwaka 1832, akathibitisha kwamba pweza aitwaye agonauta hutengeneza gamba lake mwenyewe, haibi la mnyama mwingine. Lakini Messina bahari iko mlangoni. London ilibidi bahari isimame pale ndani ikiwa hai, na tatizo hilo ndilo la kila mtu mwenye tangi sebuleni mpaka leo.

Kwa nini yananihusu? Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kibarua cha kutunza tangi la lita mia nne katika ukumbi wa mapokezi wa hoteli moja hapa Dar es Salaam. Fundi wake alikuwa mtu mzima wa Kilwa, sote tukimwita Babu. Usiku mmoja umeme ukakatika na jenereta ikagoma. Pampu kimya. Baada ya saa moja na nusu vitatange walikuwa juu kabisa ya maji wakitweta, midomo wazi. Babu hakusema mengi. "Mjukuu wangu, chukua jagi. Chota, inua, mwaga. Usiache." Tukapokezana mpaka karibu na alfajiri, na hakufa hata mmoja. Mkono wangu wa kulia ulikuwa kama si wangu. Basi siku niliposoma habari za yule binti wa London, nilijua uzito wa ndoo yake bila kuambiwa na mtu. Riwaya yangu inamhusu yeye, na imesimama ukurasa wa arobaini kwa sababu siwezi kumpa jina ambalo bibi yake hakumpa.

Kwa hiyo ukiwa na tangi, jambo la kwanza umeme unapokatika si joto wala chakula, ni hewa. Usiwalishe samaki, chakula kitaoza na kula oksijeni iliyobaki. Jagi linatosha. Kama una vijisenti, nunua kipampu kidogo cha betri.

Kibarua wa pili ni konokono. Robert Warington alikuwa mkemia wa London. Mwaka 1850 alichapisha habari za chombo chake chenye samaki wawili wa dhahabu na mmea wa majini. Hesabu ya kikemia ilikuwa nzuri: samaki anatoa hewa ya ukaa, mmea unaitumia na kurudisha oksijeni. Lakini majani ya zamani yakaoza, utelezi ukapanda kwenye kioo, maji yakaharibika. Hesabu ilikuwa imemsahau mfagiaji. Warington akatia konokono, wakala utelezi na majani yaliyooza, maji yakatakata. Ni maji baridi yasiyo na chumvi, kweli, ila somo likahamia baharini, naye mwenyewe baadaye akafanya majaribio ya maji ya chumvi. Leo ukiona kioo chako kinavaa ukoko wa kahawia katika wiki za mwanzo, usikimbilie dawa. Huo ni mwani mdogo sana wenye magamba ya silika, huwajia karibu wote wenye tangi jipya, nao huondoka wenyewe. Watie konokono wachache wafanye kazi.

Kisha akaja Philip Henry Gosse. Mwaka 1853 bustani ya wanyama ya London ilifungua nyumba ya samaki ambayo yeye alishiriki kuijaza, na mwaka 1854 akatoa kitabu cha kufundisha watu kufuga viumbe wa bahari. Ushuru wa kioo ulikuwa umefutwa Uingereza mwaka 1845, kioo kikashuka bei, treni zikawafikisha watu pwani. Wee! Kila mwenye sebule akataka bahari yake. Watu wakashuka ufukweni na nyundo na ndoo, wakabandua kila kilichoshika mwamba, na vingi vya walivyobandua vilikufa ndani ya siku chache. Mtoto wake, Edmund Gosse, aliandika mwaka 1907 kwa uchungu kwamba fukwe alizozijua utotoni zilikuwa zimeporwa, na baba yake aliumia kujua kwamba vitabu vyake ndivyo vilivyowaita waporaji. Sijui kama mwandishi anaweza kupata adhabu kali kuliko hiyo.

Aliyeleta nidhamu ni William Alford Lloyd, mfanyabiashara wa matangi. Katika nyumba ya samaki ya Crystal Palace iliyofunguliwa mwaka 1871 aliweka chini ya matangi ya maonyesho hodhi kubwa kuliko matangi yenyewe, ndani ya giza, na maji yakazungushwa bila kukoma. Giza liliua mwani wa kijani unaoyafanya maji yawe kama supu ya mchicha. Wingi wa maji ulizuia mambo yasibadilike ghafla. Leo watu huweka tangi la pili ndani ya kabati, chini ya lile la maonyesho, wakidhani ni mtindo mpya wa Wamarekani.

Lakini hata Lloyd hakujua vizuri ni nani aliyekuwa akimsafishia maji. Huyo ndiye kibarua wa tatu, na haonekani kwa macho. Mnamo mwaka 1890 Sergei Winogradsky, mwanasayansi wa Urusi aliyekuwa akifanya kazi Uswisi, alifanikiwa kuwatenga bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati. Kwa mwenye tangi, habari hiyo ni uhai na mauti. Samaki hutoa amonia, chakula kilichooza hutoa amonia, na amonia ni sumu. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ina sumu. Kundi jingine huigeuza kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia ikiwa si nyingi. Makundi hayo hukua polepole. Tangi jipya huhitaji kama wiki nne hadi sita kabla halijawa na bakteria wa kutosha.

Vifo vingi vya tangi jipya vinatoka hapo. Mtu ananunua kioo Jumamosi, Jumapili ameshatia samaki sita, Jumatano analia. Maji yalikuwa meupe kama kioo cha dirisha, anasema. Ndiyo, amonia haina rangi. Kuna vipimo vya matone vinavyouzwa kwa ajili hiyo, na amonia na nitriti lazima zisome sifuri kabla ya samaki wa kwanza. Babu alikuwa na msemo wake, kwamba tangi jipya ni kama ukuta mbichi, usiuegemee.

Kwa samaki hayo yalitosha. Kwa matumbawe ya maji ya joto bado. Kibarua wao wa ndani kabisa alipewa jina mwaka 1881 na Mjerumani Karl Brandt: zuksantela, mwani wa hadubini unaoishi ndani ya mwili wa tumbawe na kulilisha kwa nguvu ya jua. Maana yake tumbawe lina mnyama, na ndani yake lina shamba. Ukiliweka kwenye sebule yenye mwanga wa kusomea gazeti, shamba linakufa, na mwenye shamba anafuata. Kwa miongo mingi waliojaribu walikuwa wakikaa na mifupa meupe.

Mlango ulifunguliwa Jakarta. Mwaka 1961 Lee Chin Eng, mkazi wa mji huo, alichapisha katika jarida moja la Marekani la wafuga samaki njia aliyoiita ya maumbile. Hakutumia mitambo ya kuchuja. Alitia mawe yaliyotoka kwenye mwamba wa bahari pamoja na viumbe wote waliojificha ndani yake, akaweka mapovu ya hewa na jua la kwao, basi. Matumbawe yake yakaishi. Ndani ya mawe hayo mna matundu, na kwenye matundu yasiyofikiwa na hewa wanaishi bakteria wa namna nyingine wanaoigeuza nitrati kuwa gesi ya naitrojeni na kuitoa kabisa. Wengi wa Ulaya na Marekani walioiga walishindwa: jua lao ni dogo, nao walijaza samaki kupita kiasi.

Mwaka 1986 George Smit aliwaeleza Wamarekani, kwa mfululizo wa makala, juu ya matangi ya Waholanzi yenye mnara wa kuchuja, ambamo maji yanadondoka juu ya vitu vya plastiki vilivyojaa bakteria. Amonia ikawa si tatizo tena. Lakini bakteria wa hewani wanaishia kwenye nitrati, na nitrati ikarundikana, na mwani wa nywele ukafunika kila kitu. Ukiona majani ya kijani yanayoota kama nywele juu ya mawe yako, au utando mwekundu wa kuteleza unaobanduka kama ngozi, uliza kwanza nitrati na fosfati zinatoka wapi. Mara nyingi zinatoka kwenye chakula kingi na kwenye maji ya bomba. Kuung'oa mwani kwa mkono bila kuziba chanzo ni sawa na kudeki huku bomba linavuja.

Waliomaliza ubishi ni watu wa Berlin, mji ambao bahari yake ya karibu ni safari ya gari. Katika miaka ya 1970 na 1980 walishika mambo manne: mawe hai, taa kali, mtambo wa kukamua povu unaozoa uchafu kabla haujaoza, na maji ya chokaa. Dietrich Stüber wa mji huo alikuza tumbawe la matawi, akawa analikata vipande na kugawa, na watoto wa tumbawe hilo wakasambaa kwa wafugaji wengi wa Ulaya na kwingineko.

Maji ya chokaa! Nilipolisoma hilo nilimpelekea Babu mbio. Peter Wilkens, Mswisi, ndiye aliyelieneza. Mifupa ya tumbawe ni madini ya kalsiamu, na tumbawe linapokua linayavuta kutoka majini, mpaka maji yanaishiwa. Ndipo matawi yanaacha kukua na ncha zinapauka. Wilkens akachovya chokaa kwenye maji safi, akaacha ituame, akadondosha yale maji yaliyo juu ndani ya tangi, tone baada ya tone.

Babu alinyamaza kidogo. Ujanani mwake alichoma chokaa. Unajua inavyochomwa: magogo yanapangwa duara, matumbawe yanarundikwa juu, moto unawashwa, na jiwe linakuwa unga. Kilwa yote ya kale, Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, imesimama kwa matumbawe na chokaa. Pwani yetu, Mafia na Mtwara, watu wamevunja hata matumbawe hai kwa tanuri hizo. Moto huifukuza hewa ya ukaa kutoka kwenye jiwe, na maji ya chokaa yakitiwa kwenye tangi huikamata tena hewa hiyohiyo, na tumbawe linajenga upya.

"Yaani," Babu akasema, "sisi tunayachoma, wao wanayanywesha?" Akacheka mpaka akashika ukuta.

Tahadhari moja lakini. Maji ya chokaa ni makali, yanababua ngozi, na ukiyamwaga kwa kikombe yatapandisha ukali wa maji na kuua tangi zima kwa dakika. Yadondoshwe usiku, polepole, wala isiwe chokaa ya kupaka ukuta, ambayo haijulikani ina nini ndani. Kalsiamu ya bahari ni kama miligramu 400 na kidogo kwa lita, lenga hapo.

Chokaa ina kazi nyingine. Kuna anemoni mdogo wa kahawia, mwenye umbo la kimnazi, anayeingia kwa kujificha kwenye jiwe. Ukimkata, kila kipande kinaota. Uji mzito wa chokaa kidogo kwa bomba la sindano, mdomoni mwake, humaliza.

Mengine nitayapitia haraka. Maji yanapokauka chumvi haiondoki, kwa hiyo unaongeza maji yasiyo na chumvi. Bandika utepe kwenye kioo uone yalipokuwa jana. Chumvi ni gramu 35 hivi kwa kila kilo ya maji. Samaki akiota madoa meupe kama chembe za chumvi na kujisugua kwenye mawe, ana kimelea. Dawa ya shaba inamponya samaki lakini inaua tumbawe, kamba na konokono, kwa hiyo mhamishie samaki kwenye chombo kingine ndipo umtibu, na tangi la matumbawe likae bila samaki wiki kumi au kumi na moja hivi, mpaka kimelea akose pa kushika. Ndiyo sababu wenye busara huwatenga samaki wapya kabla ya kuwaingiza.

Limebaki joto. Matumbawe mengi ya kwetu yanapenda nyuzi 24 mpaka 28 hivi. Yakizidiwa yanawafukuza wale mwani wa ndani, na mwili unabaki wazi juu ya mfupa mweupe. Halijafa bado. Kwenye tangi unapunguza taa, unawasha feni juu ya maji, unangoja, na wakati mwingine rangi inarudi. Lakini mwaka 1998 bahari yenyewe ilipata joto hilo, na miamba mingi ya Kenya na Tanzania ikapauka na kufa. Ikaja 2016. Mwezi Aprili 2024 wanasayansi walitangaza kwamba dunia imeingia katika upaukaji mkubwa wa nne. Huko hakuna mahali pa kuweka feni.

Kusini mwa Kenya, kisiwani Wasini, wanavijiji na watafiti wamekuwa wakipanda vipande vya matumbawe chini ya maji, wakivikata na kuvifunga kama alivyofanya yule wa Berlin, ila baharini kwenyewe. Kwenye vitalu vya namna hiyo mwani hauchoki kuota. Kila mara lazima mtu azame na brashi, ashike fremu kwa mkono mmoja, asugue kwa mwingine, apande kuvuta pumzi, ashuke tena.